MREJESHO: Krenki ya Triumph T120, balansi imekubali (kiasi)

Wakuu habari zenu, niliuliza hapa kuhusu pikipiki ya Triumph Bonneville T120 cc 650 ya marehemu babu, nimeweka pistoni mpya nyepesi kuliko za zamani, je krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ibalansiwe upya, yaani uzito wake usawazishwe ili injini isitetemeke sana? Majibu haya.

Aliyesema nianze na ile tyubu ya kudaka uchafu ndani ya krenki ubarikiwe sana, ilikuwa imeshiba tope gumu la oili, ningebalansi hivyo hivyo ningekuwa napima uchafu tu. Baada ya hapo nikapima pistoni, pini, ringi, na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) kila ncha peke yake, moja nzito nikaisaga kidogo kidogo mpaka zikalingana. Fundi wa leth (mashine ya kuchongea vyuma) akachonga vizito vya kufunga pale zinapokaa konrodi, hesabu ni uzito wote wa ncha za chini za konrodi + 85% ya vinavyopanda na kushuka (pistoni, pini, ringi na ncha za juu), tukalaza krenki juu ya vyuma viwili vilivyopigwa levo, upande mzito unarudi chini tu kila ukiizungusha, tukatoboa flywili (gurudumu zito la krenki) hapo ili kupunguza uzito hadi ikawa inasimama popote.

Barabarani sasa miguu haifi ganzi tena. Ila ukivuta sana hendeli bado inatetemeka na globu ya nyuma imeungua tena, ndo injini yenyewe ilivyo, pistoni zote mbili zinapanda pamoja, hiyo 85% ni maridhiano tu, mtetemo hauishi wote. Ushauri wa kuweka vizito vya madini ya risasi ndani ya hendeli kupunguza mtetemo nimejaribu, sikuona tofauti, nimeitoa.

Asanteni sana wote, hasa mliosisitiza mizani kabla ya drili.