Wapiga kinanda na walimu wa kwaya Katoliki, tupeane uzoefu: raha na karaha

Mwanzisha uzi: Tumsifu Yesu Kristo. Kipi kinakukera katika utume huu, na kipi kinakutoa uchovu? Tuandike yatakayomfaa anayeanza.

Sofa Namba Moja: Karaha ni kopi ya kopi ya nota za sol-fa, zile herufi d r m f s l t (do re mi fa so la ti). Kialama kidogo pembeni ya herufi ndicho kinachotofautisha d na d' ya juu. Fotokopi ya tatu inakifuta, soprano wanaimba oktava isiyo yao. Koloni hutenga mapigo, nukta hugawa pigo nusu, mkato robo, na vyote humezwa na wino. Pitia kopi kwa kalamu kabla ya kugawa. Wimbo ukihama ufunguo (yaani do ikihamia sauti nyingine), zungushia zile herufi mbili za mpito. Ukitoka F kwenda C, s ya zamani ndiyo d mpya: waimbe noti ileile kwanza kama s, kisha kama d, ndipo waendelee. Besi wengi hupotelea hapo.

Vidole Kumi: Mtu akianzisha wimbo kutoka kwenye benchi, usimsake kwa kubonyeza ovyo, kanisa zima linasikia. Zima sauti ya kinanda. Nyimbo nyingi hutua kwenye do, kwa hiyo subiri mwisho wa beti, ishike kichwani, ndipo uingie. Ikiwa do ni F shapu na vidole havijazoea, piga F na uhamishe ufunguo +1 kwa kitufe cha transpose (nusu hatua juu). Halafu rudisha 0 palepale! Ukisahau, wimbo wa Mtakatifu utaanza juu na soprano watakukodolea macho.

Fundi wa Waya: Msiazimane adapta. Vinanda vingi vya Yamaha vya aina ya PSR-E hutumia volti 12, Casio nyingi 9 au 9.5, na adapta ya zamani ya Casio, AD-5, ina hasi katikati ya plagi. Soma nyuma ya kinanda.

Teno: Kwaresima kinanda ni cha kusindikiza waimbaji tu, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu. Baada ya wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu kwaya nyingi hukiacha kabisa hadi Mkesha wa Pasaka. Anzeni mapema kuimba bila kinanda. Uma wa sauti (chuma cha kugonga ili kupata sauti ya kuanzia) hutoa A. Kwa wimbo wa F hiyo ni m, shukeni m r d. Kwaya hushuka sauti kwa sababu m na t huimbwa chini kidogo, na pumzi huvutwa imeshachelewa. Raha yake? Beti ya nne inaisha, unagusa F taratibu, na besi bado wako palepale.