Mjadala: Je, ni haki kumtuma rubani asiye na mafuta ya kumrudisha?

Ndugu wasomaji, hoja ninayoileta mbele yenu ilizuka katika mkutano wa wapenzi wa bunilizi ya kisayansi hapa Nairobi, ambako mwenzetu mmoja alitusomea hadithi yake ambayo bado hajaichapisha. Katika hadithi hiyo, dola moja yenye nguvu imejenga mtambo katikati ya Bahari ya Hindi, nao unafyonza joto la maji na kuvuruga pepo za kusi, hata masika yamekosa kunyesha bara kwa miaka mitatu mfululizo. Rubani mmoja anatumwa kutoka pwani aende akaulipue. Mafuta aliyopewa yanatosha kumfikisha na kumrudisha nusu ya njia tu; baada ya hapo atalazimika kutua majini na kungoja mashua ya uokoaji, ambayo hata kamanda wake haamini kwamba itamkuta hai. Mwandishi anamwacha rubani akiwa ameukaribia mtambo, anapoona nguo zimeanikwa na watoto wakikimbizana juu ya sitaha, jambo ambalo hakuambiwa kabla ya kuondoka.

Wasikilizaji waligawanyika. Mzee wetu mmoja, aliyewahi kuvaa magwanda, alishikilia kwamba askari akishakula kiapo maisha yake yamo mikononi mwa nchi, na kwamba kumuuliza kama yuko tayari kufa ni kumdhalilisha. Dada mmoja mhandisi alimpinga kwa kusema kwamba katika karne ya hadithi hiyo hapana sababu ya mtu kukaa ndani ya ndege ya mabomu, kwa kuwa mashine inaweza kutumwa ikajiamulia yenyewe hata adui akikata mawasiliano, na hakuna mzazi atakayeletewa habari ya msiba. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Naona ni halali kumtuma mtu katika safari ya namna hiyo, lakini kwa masharti mawili: aambiwe ukweli wote, na abaki na uwezo wa kugeuza ndege.

Nianze na mzee wetu, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 24, inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za wanajeshi, na inazitaja haki hizo moja baada ya nyingine: faragha, kujumuika, kukusanyika, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Haki ya kuishi, iliyo katika Kifungu cha 26, haimo katika orodha hiyo. Askari hukubali kuhatarisha uhai wake, naam, lakini haukabidhi kama mtu akabidhivyo bunduki ghalani.

Historia nayo inaonyesha uzito wa ukweli. Tarehe 18 Aprili 1942, ndege 16 za mabomu za Marekani zilizobeba wanajeshi 80 ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege, Hornet, kwenda kuishambulia Japani, zikiongozwa na James Doolittle. Boti ya doria ya Wajapani iliiona manowari hiyo mapema, hivyo ikawabidi waruke saa nyingi kabla ya wakati uliopangwa, wakiwa mbali zaidi kuliko walivyokusudia, na wote wakijua kwamba huenda mafuta yasiwafikishe kwenye viwanja vya Uchina walivyotarajia. Walikuwa wamejitolea, na hesabu ya mafuta haikufichwa. Ndege 15 zilipotea kwa kuanguka au kutua vibaya, na moja ikatua katika ardhi ya Muungano wa Kisovieti, lakini wengi wa wanajeshi hao walinusurika. (Wanaolisifu shambulio lile aghalabu husahau kwamba wanavijiji wa Uchina waliowaficha marubani walilipizwa kisasi na jeshi la Japani, wakauawa kwa maelfu mengi, bila mtu yeyote kuwauliza kama wamejitolea.) Linganisheni na mpango ulioanzishwa na Japani yenyewe mwezi Oktoba 1944, wa marubani kugonga meli za adui kwa ndege zao, wao wenyewe wakiwa ndani. Huko kifo cha rubani hakikuwa hatari ya kazi, bali ndicho kilichokuwa silaha yenyewe, na kijana aliyetakiwa kujitolea mbele ya wakubwa na wenzake hakuwa na nafasi halisi ya kukataa.

Hoja ya dada yetu ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya niandike. Anasema tuokoe uhai wa rubani. Mimi namwomba afikirie uhai wa walio chini. Tarehe 1 Agosti 1982, wakati wa jaribio la mapinduzi hapa nchini, marubani wa Jeshi la Wanahewa walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupaa kutoka Nanyuki wakiwa na mabomu, waje kuyaangusha Ikulu ya Nairobi na makao makuu ya GSU, kikosi maalumu cha polisi. Kama tukio hilo lilivyosimuliwa, walizipindua ndege angani kwa ukali hadi aliyewashikia bunduki akalegea kwa kichefuchefu, kisha wakayatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Wakazi wa jiji hili walinusurika kwa sababu ndani ya ndege zile walikuwemo watu waliokataa. Mashine ingepewa shabaha ile ile, na amri ile ile kutoka kwa mtu yule yule, ingefika.

Najua nitajibiwa kwamba mtu aliyeketi ofisini akiiongoza ndege kwa mbali anaweza kukataa pia. Anaweza, maadamu mawasiliano yapo. Lakini hadithi yetu inahusu ndege isiyosikia tena sauti ya mtu, na hofu hiyo si ya wana bunilizi peke yao. Mwezi Desemba 2023, nchi 152 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ziliunga mkono azimio kuhusu silaha zinazojiamulia. Nitajibiwa tena kwamba rubani huweza kuchoka, kukasirika au kuwachukia anaowaona, akalipua pale ambapo mashine ingesita. Hilo silikatai, ila kosa la mtu lina mwenyewe wa kufikishwa mahakamani.

Linalobaki, na ambalo naomba mlichangie, ni hatima ya rubani wa hadithi yetu. Akigeuza ndege kwa ajili ya watoto wa sitahani, huku bara kuna watoto wengine wanaokufa kwa ukame, je, afikishwe mbele ya mahakama ya kijeshi? Msimamo wangu ni kwamba asishtakiwe, bali ahojiwe kamanda aliyejua kuwa kuna watoto pale akanyamaza. Mzee wetu amekwisha kuniambia kwamba jeshi la namna hiyo halishindi vita. Huenda hoja yake ina nguvu, na ningependa kuisikia ikitetewa kwa mifano.