Mjadala: Vita vya Tanga vichezwe mezani kwa vijisanamu na dadu, au tuviache?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyotugawa sisi wachache tunaocheza michezo ya vita ya mezani hapa Dar. Kwa asiyeujua: meza inatandikwa kitambaa cha kijani, vinapangwa vinyumba, miti na reli, kisha kila upande unaweka askari wake, vijisanamu vya urefu wa sentimita tatu hivi vilivyopakwa rangi kwa mkono. Mwendo unapimwa kwa futi kamba, na aliyepigwa risasi anajulikana kwa dadu. Mchezo huu si wa juzi. Maofisa wa Prussia walikuwa wakifundishiwa vita namna hiyo tangu 1824, na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akachapisha kanuni za kuucheza sebuleni. Mwaka uliofuata vita vyenyewe vikaja, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na Novemba vikafika Tanga.

Mwenzetu mmoja anataka tuiweke Tanga mezani hadharani, watu wapite watazame, anayetaka acheze. Mwingine amekataa kata kata, anasema haturushi dadu juu ya maiti za watu. Mimi nasema tucheze, ila nina sharti nitakaloleta baadaye. Kwanza nawasikiliza.

Kijana wa Chumbageni

Mimi ni wa Tanga, na jibu langu ni hapana.

Niambieni nikikaa mezani nakuwa nani. Jenerali Aitken wa Waingereza alishusha watu kama 8,000 Raskazone, karibu wote Wahindi waliosafirishwa kutoka Bombay, na batalioni moja tu ya Waingereza. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwangoja na watu kama elfu moja, wengi wao askari weusi. Nikiwa Aitken naiteka Tanga kwa ajili ya mfalme wa London. Nikiwa Lettow nailinda Tanga kwa ajili ya Kaiser. Mji ni wetu, vita si vyetu, na mezani sina kiti.

Halafu nyuki, wale waliowavamia askari wa Aitken katikati ya mapigano. Wallahi hakuna mtu wa nje anayesimulia Tanga bila kucheka nyuki. Nimeona wachezaji wa Ulaya wakionyesha meza zao za Tanga: nyuki ni kadi, ukiivuta kikosi cha mwenzio kinatimka, watu wanaangua kicheko. Waliokufa upande wa Waingereza ni kama 360, upande wa Wajerumani kama 70. Hao nao wana kadi yao?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Ndugu yangu wa Chumbageni, uchungu wako naupokea, lakini ngoja nikupe ya darasani.

Vitabu vyetu vinaimaliza Tanga kwa sentensi mbili: Waingereza walivamia, wakashindwa. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Mimi niliichora ramani ya mji kwenye manila, nikatumia vifuniko vya soda, vyekundu na vyeusi, kwa sababu vijisanamu sina uwezo navyo. Aliyepewa Aitken aliona haraka tatizo liko wapi. Tarehe 2 Novemba manowari ya Waingereza iitwayo Fox inaingia bandarini, nahodha wake anautangazia mji kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha, anauliza kama bandari ina mabomu, anatoka tena. Maana yake amepiga hodi! Wakati meli zinahangaika kusaka mabomu baharini, aliyepewa Lettow anapakia vikosi kwenye treni Moshi na kuvishusha karibu na mji, kampuni baada ya kampuni. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini nisishuke usiku uleule nikakamate stesheni?" Hilo ndilo swali ambalo wanahistoria wa vita wameliandikia kurasa na kurasa, na yeye amelifikia kwa vifuniko vya soda.

Huwezi kuniambia binti yule amewatukana marehemu.

Fundi Brashi

Mimi niongelee rangi tu, siasa nawaachia.

Askari mmoja wa Tanga ananichukua jioni nzima. Unaanza kwa kupuliza nyeusi, inafuata khaki, halafu kahawia nyepesi kama maji ya chai, unaiacha itiririke yenyewe kwenye mikunjo ya nguo. Ikikauka unapitisha brashi karibu kavu juu ya magoti na mabega, mwanga utokee. Tarbushi yao ilivikwa kitambaa cha khaki chenye pazia la kukinga shingo, na pazia hilo ndilo linalotesa mkono. Na katika seti niliyonunua mimi, chupa iliyoandikwa "rangi ya ngozi" ni ya waridi. Nyuso zote za askari nimezichanganya mwenyewe, kahawia tatu na tone la zambarau, hakuna mbili zinazofanana.

Bei msiniulize. Ukijumlisha usafiri na ushuru, kikosi kimoja ni ada ya muhula.

Binti Pumwani

Habari zenu watu wa Bongo. Naandika kutoka Nairobi. Babu ya mama yangu alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita hivyo, hakurudi, na hakuna anayejua alizikwa wapi. Kwa hivyo nina neno kwenu nyote wawili, anayetaka na asiyetaka.

Mnabishana kuhusu Tanga. Swali langu ni kwa nini kila mtu anachagua Tanga. Nadhani ni kwa sababu inafaa meza. Imeanza na kwisha ndani ya siku chache, kuna bahari, reli, hoteli, mitaa, kuna nyuki wa kuchekesha, na tarehe tano Mwingereza anapanda meli na kuondoka, akiacha bunduki na risasi laki sita ambazo Lettow alizitumia kuwapa silaha mpya baadhi ya askari wake waliokuwa na bunduki za zamani zenye kutoa moshi. Hadithi nzuri sana. Lakini vita vya Afrika Mashariki havikuwa hivyo. Vilikuwa miaka minne ya kutembea, kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji, mpaka Lettow akasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Aliyetembea na mzigo kichwani ni mpagazi. Upande wa Waingereza pekee walichukuliwa zaidi ya laki nne, na wanahistoria hukadiria waliokufa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Risasi iliua wachache wao.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Huko kwenu Dar, sanamu ya askari ya mwaka 1927 ina maandishi yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama juu na singe ni askari peke yake. Kwetu Nairobi sanamu ya vita hivyo ina watu watatu, na angalau mmoja wao ni mpagazi. Mkiicheza Tanga mtafanya kama Dar: askari juu, mpagazi kwenye maandishi.

Mleta mada

Dada wa Pumwani umenipokonya hoja mdomoni, na umeisema kunizidi. Sharti langu lilikuwa hilohilo.

Mchezo wa meza una tabia moja ambayo kitabu hakina: kisichokuwa na namba hakipo. Ukimpa askari pointi nne na bombomu, yaani bunduki ya rashasha, pointi kumi na mbili, mchezaji atafikiria askari na bombomu. Mpagazi asipokuwa na pointi anakuwa pambo la ukingoni, pamoja na miti. Kwa hiyo silaumu dadu. Naulaumu ukurasa wa kanuni, na ukurasa wa kanuni unaandikwa upya.

Nimejaribu hesabu. Chukua mzigo wa kilo 25 na posho ya kilo moja ya nafaka kwa siku. Mpagazi akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Kikosi cha mbele kinapata kilo tano. Kwenda mbali zaidi unahitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Mchezaji akishaiona hesabu hii kwenye ramani haulizi tena kwa nini vita vile vilimeza laki nne za watu. Anawameza yeye mwenyewe, raundi ya pili tu.

Napendekeza meza mbili. Ndogo ni ya Tanga, kwa ajili ya kuvuta watu. Kubwa ni ramani kuanzia Moshi hadi Ruvuma, na hapo mizigo ndiyo mchezo wenyewe.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Na Majimaji je? Wanafunzi wangu wanaitaka. Wanataka Mahenge, 30 Agosti 1905.

Mleta mada

Mwalimu, hapo mimi naweka mpaka, na wala sioni haya kusema sina kanuni ya kuutetea vizuri. Mahenge ni watu wanaipandia boma yenye bombomu huku wameamini maji. Mchezaji wa upande ule anaamua nini? Hesabu ya dadu imeshamuua kabla hajakaa. Na Majimaji hasa haikuishia bomani. Iliishia mashambani, pale Mjerumani alipochoma mazao na maghala, na njaa ikaua kuliko bunduki. Sitampa kijana wa miaka kumi na sita zamu ya kuchoma ghala apate pointi.

Fundi Brashi

Lakini ya Mkwawa pale Lugalo, 1891, ningeipaka bure. Wahehe wanatoka majanini, safu ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani, imejinyoosha njiani, na Zelewski mwenyewe anauawa. Pale kuna maamuzi pande zote mbili. Na kwa taarifa yenu, Tom von Prince aliyekuja baadaye kumwinda Mkwawa, yule Bwana Sakarani, ndiye huyohuyo aliyefia Tanga 1914. Kijisanamu kimoja, meza mbili. Nabana matumizi.

Kijana wa Chumbageni

Fundi umenichekesha, haya.

Mleta mada, nimekusoma, na hiyo ya kilo tano imeniingia. Lakini bado unanizunguka. Mchezo ni lazima uwe na raha, la sivyo hauchezwi. Nani atatoka kwake Jumamosi aje kucheza kuhara damu? Utawaandikia wapagazi pointi, sawa, halafu mchezaji atawatumia vilevile walivyotumiwa: kama mafuta ya gari. Wakiisha anaongeza wengine. Utakuwa umewafundisha watu kufikiri kama mkuu wa wilaya mwenye daftari la kukamata watu. Nikaulize swali langu la mwanzo tena: kiti changu kiko wapi? Mpagazi mezani kwako anashindaje?

Mleta mada

Kwa kutoroka.

Sitanii. Walitoroka kwa maelfu, na wakubwa wa jeshi waliwalalamikia hilo mno. Kwa hiyo wapagazi hawawi mali ya Mwingereza wala Mjerumani. Wanakuwa na mchezaji wao, wa tatu. Majeshi mawili yanahesabu boma na madaraja. Yeye anahesabu kitu kimoja, watu waliofika kwao wakiwa hai. Kila jioni anaamua kwa siri: leo nabaki kwa sababu jeshini kuna posho, au leo nakimbia wakati mto haujajaa? Akikamatwa anarudishwa chini ya ulinzi. Mkuu wa jeshi akimtesa sana anaamka asubuhi na mizinga isiyo na wa kuibeba. Akimlisha vizuri, chakula cha askari kinapungua. Nimeshaijaribu na mwenzangu kwa karatasi, na aliyecheza Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, alitumia muda mwingi kumbembeleza mpagazi kuliko kumfukuza Lettow.

Binti Pumwani

Upande huo naomba mimi, nikija Dar. Lakini nijibu: nikitoroka napita wapi? Kwenye ramani yenu vijiji vipo? Maana mtu hawezi kutembea kutoka Ruvuma hadi Nyanza bila kula kwa watu.

Mleta mada

Vitawekwa. Na vikiwekwa vitakuwa na chakula.

Kijana wa Chumbageni

Chakula ambacho Mwingereza atakitaka, Mjerumani atakitaka, na dada wa Pumwani atakigongea mlango usiku. Waulizeni Wagogo kuhusu mtunya, ile njaa iliyowapiga baada ya majeshi kupita na kuzoa nafaka na ng'ombe. Basi mnahitaji mchezaji wa nne, na huyo apewe haki ya kufunga mlango. Mkimwandikia kanuni, nitakaa.