MREJESHO: Kuanza wa mwisho kila mashindano ya mashua

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kila mbio za mashua za tanga pale klabuni naanza nikiwa nyuma ya wote. Ahsanteni sana.

Nilifuata ule ushauri wenu wa saa ya mkononi: naanza kuhesabu muda bendera ya dakika 5 kabla ya mbio kuanza inapopanda, nairekebisha saa kwenye bendera ya dakika 4. Kisha nasubiri karibu na mstari, tanga likipepea, kamba mkononi, naivuta sekunde za mwisho.

Mbio za kwanza nilivuka kabla ya honi, ikabidi nirudi kuanza upya. Aibu! Za pili nikatoka na kundi la mbele, nikamaliza wa 6 kati ya 14.

Kubisha (kugeuza mashua ili upepo uje upande wa pili) kila upepo unapogeuka kumenishinda. Nikigeuza tu, mashua inasimama kama boya. Bado najifunza.