Kapteni wangu anashusha ndege mpaka nyumbu wanatawanyika. Nimripoti au nimchunge?

Upepo wa Kusi
Wakuu, heshima kwenu. Wiki ya pili hii usingizi hauji.

Mimi ni rubani msaidizi, kampuni yetu inabeba watalii kwa ndege ndogo za Caravan: Arusha, Seronera kule Serengeti, kisha tunashuka Zanzibar. Kapteni ninayepangwa naye mara nyingi ni mtu mzima, ana masaa ya kuruka zaidi ya 9,000, na kwa mikono sijaona mfano wake. Kiwanja cha vumbi, upepo wa ubavuni, anaiweka chini kama anaweka yai. Tatizo ni akipata abiria wachangamfu. Tukishapaa anashuka tena, anafuata mto au kundi la nyumbu. Kanuni inataka tusipungue futi 500 juu ya ardhi hata huko porini. Yeye nimemwona kwenye 100, na mara moja chini ya hapo. Abiria wanapiga makofi, wanarekodi.

Nikimripoti Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, leseni yake inaweza kwenda, na ana watoto wawili chuoni. Nikinyamaza naogopa. Nimefikiria njia ya tatu: nibaki naye kwenye ratiba, nimchunge mwenyewe. Nikiwa pembeni angalau yupo mtu wa kumwambia "panda". Naombeni ushauri, hasa mlio kwenye fani.

Utingo Mstaafu
Ndege sizijui mkuu, lori nalijua. Nilikuwa utingo miaka sita njia ya Tunduma. Dereva wangu alikuwa akishuka Kitonga anatoa gia, gari inateleza yenyewe, tunaokoa mafuta. Lita zinazobaki tunauza na mimi napata yangu ya ugali. Tajiri aliniuliza mara mbili, "huyu anaendeshaje?" Nikajibu vizuri tu. Siku breki zilipogoma alichagua ukuta wa mlima badala ya korongo. Nakumbuka alikuwa anapiga honi tu, muda wote honi, na barabara mbele yetu ilikuwa tupu. Mimi nilitoka na chuma kwenye paja. Yeye hakutoka. Sasa hivi nachoma mahindi hapa Makambako.

Mama Shufaa
Pole sana Utingo.
Mleta uzi, roho ya mtu haina spea. Novemba 6, 2022 nilikuwa Bukoba, nimesimama ufukweni, ndege iko majini na wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Walikuwamo watu 43, na 19 hawakurudi. Tangu siku ile nikisikia rubani anacheza, tumbo linanikata.

Upepo wa Kusi
Mama, ile ilikuwa siku ya mvua na mawingu. Haihusiani na mchezo.

Mama Shufaa
Kwa sisi tuliosimama ufukweni, mwanangu, maji ni yale yale.

Treni Tu
Ndiyo maana mimi Dodoma naenda na SGR. Ikishuka chini ya futi 500 hakuna anayelalamika.

Kipanga
Nimeruka miaka 22, sasa nafundisha. Kabla ya ushauri nataka majibu matatu. Ndani ya ndege ulimwambia nini? Kampuni yenu ina mtu wa usalama wa safari? Na hizo mara alizoshuka, nani alikuwa ameshika usukani?

Upepo wa Kusi
Mtu wa usalama yupo, ila ni rafiki wa kapteni, wanakula pamoja. Kumwambia nilimwambia, kwa utani kidogo, unajua tena mtu mkubwa kwako. Tulikuwa mbele wote wawili. Nilikuwa nafikiria labda barua isiyo na jina.

Bin Kirumba
Usimchome mtu mwenye watoto chuoni. Mfuate nyumbani jioni, mkae na mkewe, mzungumze kiutu uzima. Wazee wetu hawakupelekana kwa Mamlaka kila kitu.

Kipanga
Bin Kirumba, wewe na mkewe hamtakuwa kwenye viti vya nyuma.
Mleta uzi, barua isiyo na jina haikusaidii. Mbele mko wawili tu. Hakuandika yeye, kwa hiyo nani ameandika? Halafu swali langu la tatu umeliruka. Nani alikuwa ameshika?

Upepo wa Kusi
Sawa.

Mara ya tatu nilishika mimi.

Tulikuwa tumetoka Seronera na abiria wanne. Akaniambia, "Dogo, hawa wamelipa kuona wanyama, waonyeshe." Akatoa mikono akaiweka magotini. Nikashuka. Mkisikia futi 80 mnaona namba tu. Mimi niliona nyumbu anageuza shingo kututazama, niliona kope zake. Tulipotua Zanzibar walitupa bakshishi ya dola 100, tukagawana nusu kwa nusu.

Lakini naomba mnielewe. Nina miaka 24. Wazazi wameuza shamba nikasome. Masaa yangu yanategemea kupangwa, na kupangwa kunategemea mdomo wake. Mtu wa masaa 9,000 akikwambia shika, unakataa vipi? Na mara zote nyingine ni yeye. Ndiyo maana nasema nikibaki naye nitamzuia.

Binti Chake
Kumbe na bakshishi umekula. Uzi ungeanzia hapo.

Mswahili Ohio
Huku Marekani kuna mfumo wa taarifa za usalama wa ndege unaoendeshwa na NASA, shirika la anga za juu, tangu 1976. Rubani akikosea anaandika, jina lake linafutwa, na akiwahi ndani ya siku 10 anaweza kusamehewa adhabu. Walipewa NASA makusudi, kwa sababu marubani hawawezi kumfungukia yule yule anayewanyang'anya leseni. Watu wanaandika kwa wingi, na mengi yamerekebishwa kutokana na barua hizo. Ila mdogo wangu, msamaha ule ni wa kosa lililompita mtu bila kukusudia. Kushuka ili abiria wapige makofi haumo.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnalishwa chai na mnaomba sukari. Caravan inarushwa na rubani mmoja. Huyo "msaidizi" katokea wapi? Halafu kope za nyumbu kwenye mwendo ule? Kaone macho kwanza. Huyu anaandika tamthilia, anakusanya maoni yenu bure.

Binti Chake
Hata mimi hizo kope zimenishtua.

Treni Tu
Mleta uzi weka picha ya leseni, funika jina.

Kipanga
Cheti cha ile ndege kinaruhusu rubani mmoja, kweli. Lakini kampuni nyingi za watalii zinaweka wa pili, wateja wengine wanalitaka, na vijana ndipo wanapookotea masaa. Hapo hajadanganya. Kuhusu kope simtetei.

Upepo wa Kusi
Leseni siweki. Kope labda nimeziota baadaye, maana namwona yule mnyama kila nikifumba macho.

Ila hiki sikukiota. Jioni ile Zanzibar nilizunguka ndege kuikagua kama kawaida. Kwenye mguu wa gurudumu la kushoto, pale kwenye bomba la breki, kulikuwa na kijitawi cha mgunga kimenasa. Kirefu kama kiganja, miiba myeupe, majani bado mabichi. Kiwanja tulichorukia hakina mti hata mmoja kandokando. Nilikichomoa, kikanitoboa kidole, nikakitia mfukoni kabla kapteni hajafika. Kipo hapa ndani ya daftari langu la masaa. Majani yameshapukutika, miiba ipo.

Jicho la Tatu
Mguu wa Caravan haukunjwi ndani, kwa hiyo tawi linaweza kubaki mpaka mwisho wa safari. Nasitisha maneno yangu kuhusu tamthilia. Lakini kama ni kweli, kwa nini ulikificha asikione?

Upepo wa Kusi
Sijui. Niliona aibu, kama nimevunja kitu cha mtu.

Kipanga
Sasa nijibu hili la kumchunga.

Juni 24, 1994, kambi ya jeshi la anga ya Fairchild, jimbo la Washington, Marekani. Kulikuwa na rubani wa B-52, lile dege kubwa la mabomu, Bud Holland, kambi nzima inamjua kwa kuilaza ndege na kupita chini kuliko ruhusa. Wakubwa wameona, video zipo, anasemwa kwa mdomo kisha anaachwa, kwa sababu alikuwa fundi. Mkuu wa kikosi, Mark McGeehan, aliomba azuiwe kuruka. Wakakataa. Basi akafanya hilo unalotaka kulifanya wewe: akaagiza kwamba vijana wake hawaruki na Holland, labda yeye mwenyewe awe kiti cha pembeni. Siku hiyo alikuwa kiti cha pembeni. Holland aliizungusha karibu na mnara wa kuongozea ndege, chini, akailaza mpaka mabawa yakasimama wima. Walikuwamo wanne, wakafa wote. Mke wa McGeehan na watoto wake walikuwa pale wanaangalia.

McGeehan hakuwa dogo wa masaa machache. Alikuwa mkuu wa kikosi. Kwenye futi 80, kabla hujamaliza kutamka "panda" mgunga umeshafika.

Andika kwa jina lako, anza na ya kwako, mpelekee mtu wa usalama na ubaki na nakala yenye saini ya kupokelewa. Urafiki wao usikutishe, karatasi iliyosainiwa haifichiki kirahisi. Ikilala siku chache, peleka TCAA, nao wanapokea taarifa za hiari. Unaweza kuadhibiwa, sikufichi.

Upepo wa Kusi
Lakini yule alikuwa mwanajeshi wa maonyesho, kapteni wangu ana akili zake, hajawahi hata kukwaruza...

Mama Shufaa
Mwanangu, kesho unaruka na nani?

Upepo wa Kusi
Naye. Saa moja asubuhi, abiria sita.

Utingo Mstaafu
Dogo, tajiri ndiyo anakuuliza mara ya pili hivi.

Upepo wa Kusi
Nimerudi. Nimempigia mpangaji wa safari, nimemwambia siko tayari kuruka naye na sababu ataipata kwa maandishi. Amekasirika. Sentensi ya kwanza nimeshaiandika: "Tarehe hiyo ndege niliishika mimi."

Jicho la Tatu
Na kiti chako kesho anakaa nani?

Upepo wa Kusi
Kijana mwingine, ana miezi miwili tu kazini. Ngoja nimpigie nimwonye.

Kipanga
Usimpigie kijana, utamtwisha mzigo ule ule. Mpigie mtu wa usalama sasa hivi, usingoje barua.

Upepo wa Kusi
Inaita.