Wajukuu wa Bi Mwanajuma: Kanga za Idi

Zai 19:02
Assalamu alaykum ukoo. Nakumbusha mara ya nne. Fundi wa kuchapa anataka nusu ya hela Ijumaa, pamoja na JINA la kanga. Pindo na mji tumeshakubaliana, kumebaki maneno. Doti moja ni 15,000. Humu tuko 41, waliolipa ni 9. Tisa!

Zai 19:03
Na msiniwekee vidole gumba. Kidole gumba si hela.

Juma Temeke 19:20
👍

Juma Temeke 19:20
Natania shangazi. Naweka msimbazi leo, jero kumi Alhamisi.

Zai 19:21
Andika tarakimu. Daftari langu halina Simba wala Yanga.

Juma Temeke 19:22
10,000 leo, 5,000 Alhamisi. Ila noti nyekundu ni msimbazi nchi nzima, hukunituma mimi kuibatiza.

Salma Nairobi 19:31
Shikamoo mama mdogo. Mwenzenu nimebaki na mbao hadi mwisho wa mwezi 😭

Zai 19:32
Marahaba mwanangu. Mbao zilete, jukwaa la Idi halijapata hata ubao mmoja.

Salma Nairobi 19:32
😂😂😂 Mbao ni shilingi 20 huku kwetu!

Salma Nairobi 19:34
Basi nitatuma jirongo moja kesho, jirongo nyingine tarehe 30.

Zai 19:35
Jirongo ni mtoto wa nani? Simwoni kwenye orodha.

Salma Nairobi 19:37
Ni mia tano, mama mdogo. Wakati wa uchaguzi wa 1992 noti za 500 zilimwagwa kwenye kampeni, watu wakaziita kwa jina la mwanasiasa, Cyrus Jirongo. Mpaka leo wazee wakikuambia jirongo ni mia tano.

Zai 19:38
Mia tano zenu mbili zinafika doti, na chenji juu. Sawa. Lakini ungesema hivyo tangu mwanzo.

Kaka Saidi 19:44
*Imesambazwa mara nyingi*
Kunywa maji ya tangawizi kabla ya jua kuchomoza kwa siku saba, utashangaa…

Zai 19:45
Kaka, hiyo ni ya kikundi kingine. Tuko kwenye kanga.

Kaka Saidi 19:45
Aamin.

Juma Temeke 19:46
Baba mkubwa nisamehe, lakini hiyo ndiyo KUSAIDI. Ni kuitikia bila kusoma. Ni kusaidia kulikokatika herufi ya mwisho 😂

Salma Nairobi 19:47
Nakufa mimi. Na kutatua?

Juma Temeke 19:48
Kutatua ni kupakua sahani ya tatu ya pilau kama Tatu. "Wali umetatuliwa." Na ile kubwa kuliko zote, KUHAMISI: kuahidi kwa sauti, kulipa kimya kimya, au kutolipa kabisa. "Fundi kanihamisi." Wakenya wana Jirongo, sisi tuna wetu.

Salma Nairobi 19:49
Hilo hata mimi nalitumia kazini, wenzangu wanadhani ni Kiswahili sanifu.

Juma Temeke 19:55
Shangazi, jina la kanga hili hapa:
UKINIHAMISI LEO KESHO NAKUHAMISI

Zai 20:01
😂 Wewe mtoto. Angalau linaenea kwenye kanga. Kama hakuna pingamizi hadi saa 3 napeleka, nimechoka kubembeleza watu wazima.

Rukia 20:14
Jamani nani ana namba ya yule mpishi wa harusi ya Mwana?

Juma Temeke 20:15
Yule aliyetulisha ukoko?

Hamisi Mwanza 20:51
Nipo humu.

Zai 20:52
Karibu Hamisi. Bado hujalipa.

Hamisi Mwanza 20:53
Mabati yalifika, Zai.

Zai 20:53
Hakuna aliyetaja mabati.

Hamisi Mwanza 20:55
Kila mkicheka mnayataja. Miaka kumi na minne. Yalifika.

Zai 20:57
Yalifika masika yamekwisha, kitanda cha mama tumekihamisha mara tatu kukimbia matone. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Lakini si ya leo hayo. Leo ni kanga.

Rukia 20:58
Ukoko ulikuwa mtamu lakini. Namba jamani.

Hamisi Mwanza 21:06
Rehema alikuwa likizo kwa Juma. Karudi, tuna wageni sebuleni, ananiuliza: baba, kumhamisi mtu maana yake nini? Nikamwambia sijui. Ana miaka minane. Kwenye daftari lake la shule imeandikwa Rehema Hamisi. Sasa mnataka watu 41 wajifunge hilo kiunoni siku ya Idi.

Salma Nairobi 21:10
*Ujumbe huu umefutwa*

Juma Temeke 21:19
Ba'mdogo samahani. Ulikuwa utani tu, hata watoto hawajui lilipo

Zai 21:19
Juma nyamaza kidogo.

Tatu (kwa Bibi) 21:52
Bibi kanisomesha meseji zote tangu ya saa moja. Miwani yake ilivunjika, na sauti hataki kurekodi, anasema itasambazwa kama tangawizi ya Saidi. Naandika anavyosema:

Tatu (kwa Bibi) 21:55
"Zainabu. Watoto sita nimewazaa mimi, na majina tuliwapa mimi na baba yenu. Hamisi alizaliwa Alhamisi alfajiri, mvua inanyesha, ndiyo akaitwa Hamisi. Jina la siku ya Mungu. Sikumpa jina la deni. Kanga hiyo ikija nitavaa yangu ya zamani yenye tundu, na watu wote wataniuliza kwa nini, nami nitawajibu."

Kaka Saidi 21:56
Mama kasema.

Zai 21:58
Nimesikia mama. Nisamehe.

Tatu (kwa Bibi) 22:03
Anaendelea. Anasema kama mnataka maneno ya kuchezea, yeye na wenzake walicheza kabla yenu. Kinyume. Silabi ya mwisho unaitanguliza: nyumba inakuwa mbanyu, kesho inakuwa shoke. Walisema hivyo wakitaka wakubwa wasielewe. Na Hamisi kwa kinyume ni SIHAMI. Ndivyo alivyokuwa akimwita alipoanza kutambaa, anafika kizingitini anarudi.

Salma Nairobi 22:04
Kumbe Bibi mlikuwa na Sheng yenu!!

Tatu (kwa Bibi) 22:05
Anauliza Sheng ndiyo nini, na wewe umelipa?

Salma Nairobi 22:06
Kesho Bibi 🙈 jirongo mbili zote

Salma Nairobi 22:09
Jamani. SEMENI MCHOKE, SIHAMI. Isomeni tena.

Juma Temeke 22:10
Hiyo ni kanga kamili. Dukani ingegombewa.

Zai 22:13
Jirani wa mpakani atadhani ni yeye. Kesi yenyewe iko kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu sisi 41 tupite mbele ya baraza lake tumeandikwa "sihami" mgongoni?

Juma Temeke 22:14
Ndiyo uzuri wa kanga shangazi, kila mtu anadhani ni yeye 😂

Zai 22:15
Tatu, muulize mama hili analiridhia?

Tatu (kwa Bibi) 22:21
Kacheka. Sijajua ni ndiyo au siyo. Kalala sasa.

Hamisi Mwanza 22:40
*Ujumbe huu umefutwa*

Zai 22:41
Hamisi umefuta nini?

Zai 23:17
Kuna 30,000 imeingia sasa hivi. Namba haijanionyesha jina. Hamisi ni wewe? Ni doti mbili, au moja na nyingine ya nani? Nataka kuandika kwenye daftari.

Zai 23:40
Haya. Waliolipa ni 10, au 11. Fundi nitamwambia anisubiri hadi Jumamosi asubuhi. Jina bado.

Asha Muscat 05:48
Jamani nimeona sasa hivi, jana nilikuwa zamu. Sijasoma zote. Kuhamisi ndiyo nini? Na kanga ni rangi gani, ile ya kijani mimi siitaki.