Malengo ya mwaka: sweta tatu na blanketi la viraka, nianze na lipi?

Kitanzi_Njombe
Heri ya mwaka mpya wanajamvi. Sitaki tena kufika Desemba na sweta zisizo na mikono kwenye kapu. Orodha yangu: sweta tatu za watoto (miaka 4, 8 na 11), ziwe tayari kabla baridi ya Juni haijaanza kuuma huku kwetu, pamoja na blanketi moja la viraka vya vitenge, kitanda futi tatu na nusu kwa sita. Nina saa tano kwa wiki, cherehani ya kukanyaga na uzi wa akriliki wa unene wa kati. Nipange vipi, na ninunue kiasi gani? Naomba hesabu, siyo "anza kidogo kidogo".

Fuma_Fumua
Basi hesabu vitanzi, maana "sweta tatu" siyo kipimo cha kazi.

Chukua ya miaka 8. Kifua sentimita 66, ongeza 8 za kupumulia, unapata 74, yaani 37 mbele na 37 nyuma. Uzi huo kwa sindano za milimita 4 kwa kawaida hutoa vitanzi 22 na mistari 30 kwa kila sentimita 10. Upande mmoja ni vitanzi 81, na viwili vya kuunganishia, 83. Urefu sentimita 42 ni mistari 126. Zidisha: mgongo peke yake ni vitanzi 10,458. Ukijumlisha kifua na mikono, sweta nzima ni kama mara tatu ya hapo, elfu 31 hivi.

Sasa weka saa mezani, fuma dakika 10, hesabu. Ukipata vitanzi 200, kasi yako ni 1,200 kwa saa. Sweta hiyo itakula saa 26, na nne za kuunganisha na kola: 30. Ya miaka 4 weka 20, ya miaka 11 weka 39. Jumla 89. Kuanzia wiki ya kwanza ya Januari hadi mwisho wa Mei una wiki 21, saa 105. Zinabaki 16 za kufumua, wageni na misiba. Kwa hiyo blanketi lisiguswe kabla ya Juni.

Anza na ndogo, kosa lake ni rahisi kufumua. Ya miaka 11 iwe ya mwisho, na umpime upya siku unapoianza.

Kipande cha majaribio usikiruke. Fuma sentimita 15 kwa 15, pima 10 za katikati, kwa sababu kingo hujivuta. Ukipata vitanzi 20 badala ya 22, vitanzi hivyo hivyo 81 vinakuwa sentimita 40 na nusu, na sweta nzima inazidi kwa sentimita 7. Hapo badilisha sindano, usijaribu kukaza mkono. Mkono utalegea tena ukifika mstari wa thelathini. Angalia pia namba: sindano za zamani za Kiingereza zenye namba 8 ndizo milimita 4, na namba 10 ni milimita 3.25 (nzuri kwa kiuno na vifundo vya mikono).

Uzi: ya miaka 8 nunua gramu 400. Lebo zote ziwe na namba ile ile ya rangi na namba ile ile ya mkupuo, yaani uzi uliotiwa rangi kwa pamoja kiwandani. Mikupuo miwili ya "bluu ile ile" itaonekana mchana kweupe pale kifuani. Ukimaliza mgongo, upime kwenye mizani ya jikoni. Mara tatu ya uzito huo ndiyo mahitaji yako yote.

Na usipige pasi akriliki. Joto huilainisha moja kwa moja, inalegea kama kitambaa cha deki na hairudi.

Viraka130
Nakubaliana naye kuhusu Juni, ila kwa sababu nyingine: vitenge vinatakiwa kufuliwa na kukauka kabla ya kukatwa, na huko mvua zinaisha Mei.

Kata miraba ya inchi 6 na nusu. Ikishonwa inabaki 6. Miraba 10 kwa 13 ni 130, blanketi la inchi 60 kwa 78. Kitenge ukiondoa ukingo wenye maandishi kinabaki na upana wa inchi 42 hivi, hivyo yadi moja inatoa miraba 30. Nunua yadi 5. Pindo la kuzungushia: vipande 8 vya inchi 2 na nusu, robo tatu ya yadi. Tabaka la kati, blanketi jembamba lililofuliwa linatosha.

Mshono uwe robo inchi, kila mara. Bandika tepu kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, uifuate. Ukizidisha milimita 2 tu, kila kiungo kinakula 4, na mstari wa miraba 10 una viungo 9: umepoteza sentimita 3.6, na mstari wa jirani haujapoteza. Hapo ndipo pembe zinapokataa kukutana. Pasi: mstari wa kwanza mishono ilalie kulia, wa pili kushoto.

Tabaka tatu (viraka, tabaka la kati na mgongo, yaani kitambaa cha chini) zibane kwa pini kila upana wa kiganja, tia sindano namba 16, refusha mshono, anza katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, nundu yote inakusanyika katikati. Kazi nzima weka saa 30.

Kitanzi_Njombe
Asanteni sana. Vitenge nitaloweka kwenye chumvi visichuje. Na mgongo wa blanketi naweza kutumia doti ya khanga?

Fuma_Fumua
Chumvi haishiki rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani. Fua mpaka maji yawe meupe, kisha sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata rangi, kitenge hicho kisikae karibu na kiraka cheupe.

Viraka130
Khanga inafaa, lakini doti moja haitoshi. Mgongo unataka inchi 66 kwa 84, zizidi kidogo kila upande. Khanga mbili za sentimita 150 kwa 110 ukiziunganisha kwa upande mrefu unapata inchi 59 kwa 86. Ongeza ubavuni kipande cha inchi 8, hata cha kitenge kilichobaki.